Uchovu wa Alec Leamas: namna ya kuwapima waigizaji wa filamu ya kijasusi ya mwaka 1965

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mjomba wangu, ambaye ni mwalimu mstaafu hapa Morogoro, alinikalisha chini Jumapili moja tukatazama filamu ya zamani ya kijasusi iitwayo The Spy Who Came in from the Cold, ya mwaka 1965. Mimi nimekulia kwenye filamu za James Bond na riwaya za Willy Gamba, kwa hiyo nilikaa nikisubiri mapambano ambayo hayakuja. Niliona watu wakizungumza vyumbani tu, na Richard Burton, ambaye mjomba anasema ni mwigizaji mkubwa, alionekana kama mtu aliyechoka, asiyetaka hata kuwapo pale. Oskar Werner alinivutia kumzidi. Yule dada wa maktaba sikumwamini hata kidogo. Mjomba anasema sijui kutazama. Je, filamu hii imeigizwa vizuri kweli, au wazee wanaisifu kwa mazoea tu? Na mtu anapimaje uigizaji wa mtu ambaye haonekani kufanya lolote?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu, kwa sababu nimefundisha sanaa za maonyesho kwa miaka mingi na kila mwaka hutokea mwanafunzi anayeamini kwamba kuigiza ni kuonekana unaigiza. Nikupe hukumu yangu mapema ili usiisubiri: kuhusu Burton, mjomba wako yuko sahihi, kuhusu dada wa maktaba, wewe una haki zaidi ya nusu, na kuhusu Werner umeona kitu cha kweli, ila umekigeuza kuwa hoja dhidi ya Burton wakati wale wawili wanafanya kazi moja na kila mmoja anamwangazia mwenzake.

Uchovu ule uliouona upo, lakini si wa Burton. Ni wa Alec Leamas, jasusi anayemwigiza, na umetengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Ili nikuonyeshe ulivyotengenezwa, sharti kwanza tuushike vizuri mkasa wenyewe, maana ni wa mtego ndani ya mtego na mtazamaji aliyekuwa akisubiri mapambano huupoteza kwa urahisi. Leamas anawasimamia mawakala wa Uingereza mjini Berlin, na wakala wake wa mwisho aliyebaki upande wa Mashariki anapigwa risasi mbele ya macho yake akijaribu kuvuka kituo cha ukaguzi kwa baiskeli. Anarudishwa London. Anaonekana kuachishwa kazi, anazama katika pombe, anapata kibarua katika maktaba ndogo, anampiga mwenye duka na kufungwa jela, na akitoka anakuta watu wa upande wa pili wakimnyemelea, tayari kununua siri za mtu aliyevunjika moyo. Ni baada ya hapo tu ndipo sisi watazamaji tunapojulishwa kwamba anguko lake lilipangwa. Yeye ni chambo, na kazi yake ni kwenda Ujerumani Mashariki kupandikiza ushahidi wa uongo kwamba Mundt, mkubwa katika idara ya ujasusi ya huko, ni mtu wa Waingereza, ili msaidizi wake Fiedler, anayemchukia, apate sababu ya kummaliza. Kisha, mbele ya baraza la siri, Leamas anatambua jambo ambalo wakubwa wake walimficha: Mundt kweli ni mtu wa Waingereza, na safari yake yote ilipangwa ili Mundt alindwe na Fiedler, aliyekuwa amekaribia kuujua ukweli, atolewe kafara.

Sasa hesabu kazi aliyokuwa nayo Burton. Anamwigiza mtu ambaye naye anaigiza. Leamas analazimika kujifanya mlevi aliyeshindwa na maisha, na ili adui asishtuke lazima kujifanya kwenyewe kuwe kwa kweli. Pombe ainywe kweli, kibarua akifanye kweli, jela ailale kweli. Wakati huohuo sisi tuliokaa mbele ya filamu hatujaambiwa kwamba ni mchezo, kwa hiyo Burton anapaswa kucheza kila tukio la nusu ya kwanza kwa namna ambayo mtazamaji wa mara ya kwanza aone mtu anayeporomoka, na mtazamaji wa mara ya pili aone mtu anayefanya kazi. Akizidisha ulevi, mtazamaji wa mara ya pili atasema alidanganywa kwa hila nyepesi. Akipunguza, adui aliyemo ndani ya filamu hatadanganyika. Burton anapita katikati, na kinachomsaidia kupita ni ule uchovu, kwa sababu uchovu ndicho kitu pekee ambacho Leamas hajifanyi. Alikuwa amechoka kabla ya kutumwa. Waliomtuma walikijua hicho na wakakitumia.

Chukua tukio moja tulitazame kwa karibu, lile la dukani. Leamas anaingia katika duka la vyakula la mtaani, anachukua bidhaa, na anapofika kulipa anataka kukopa. Mwenye duka anakataa. Leamas anampiga. Mwigizaji wa kawaida angelipandisha tukio hili kama ngazi: sauti ingekua, jicho lingekuwa jekundu, ngumi ingekuja kwenye kilele. Burton halipandishi hivyo. Anakaa katika hali moja ya ukorofi mzito, wa mtu ambaye ameshaamua, na ngumi inakuja bila hasira ya kutosha kuieleza. Hapo mara ya kwanza unasema, huyu mtu ameharibika. Mara ya pili unagundua kwamba alihitaji kufungwa, kwamba hiyo ngumi ilikuwa imo katika mpango tangu asubuhi, na kwamba mwenye duka asiye na hatia ndiye aliyelipia. Zingatia pia kwamba mwenye duka huyo ni Bernard Lee, yuleyule aliyekuwa akimwigiza M, mkubwa wa James Bond, tangu filamu ya kwanza ya mwaka 1962. Watazamaji wa 1965 walimtambua mara moja. Kumwona mkubwa wa Bond amevaa mavazi ya dukani, akipigwa na jasusi mlevi kwa ajili ya mkopo wa vyakula, kuliwaambia kwamba wameingia katika nyumba nyingine kabisa.

Na si bahati mbaya. Mmoja wa waandishi wawili wa mswada wa filamu hii, Paul Dehn, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kushiriki kuandika Goldfinger, filamu ya Bond ya mwaka 1964, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa amefanya kazi katika idara ya siri ya Uingereza iliyofundisha watu hujuma na upelelezi. Alizijua hadithi zote mbili, ile ya kuuza tiketi na ile aliyoiona. Riwaya yenyewe, iliyotoka 1963, iliandikwa na John le Carré, ambaye jina lake halisi ni David Cornwell, na ambaye alikuwa ofisa wa ujasusi aliyewekwa katika ubalozi wa Uingereza mjini Bonn wakati Ukuta wa Berlin ulipoanza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961. Ndiyo maana hupati humo gari lenye mitambo ya ajabu. Unapata mafaili, tiketi za ndege, noti zinazohesabiwa na wanaume wanaovaa makoti ya mvua.

Mazoea yako ya Willy Gamba si kosa. Nami nilimsoma, na bado naona kwamba Elvis Musiba alituandikia jasusi tuliyemhitaji, Mwafrika mwenye akili na ngumi, anayepigania bara lake na kushinda. Lakini Willy Gamba anajua anapigana na nani na kwa nini. Leamas anadhani anajua. Ukimpima mmoja kwa kipimo cha mwenzake, lazima mmoja aonekane amepungukiwa.

Kuna neno moja katika jina la filamu ambalo nadhani lilikupita, na ni haki likupite, kwa sababu katika Kiswahili chetu baridi mara nyingi ni neema. Tunatafuta maji baridi, tunakaa kivulini penye ubaridi, tunasema moyo wangu umepoa. Kwa hao maofisa wa London, baridi ni uwanja wa kazi wenyewe, ni kukaa nje ya nyumba ya wanadamu, mahali ambapo huruhusiwi kumpenda mtu wala kumwonea huruma kwa sababu huruma itakuua. Kurudi kutoka kwenye baridi ni kustaafu, ni kurudishiwa ubinadamu wako. Mkuu wa idara, ambaye hatajwi kwa jina bali kwa cheo tu, Control, anamweleza Leamas mambo haya mwanzoni, katika mazungumzo ya chai, na kisha anamwomba akae kwenye baridi kidogo tu zaidi.

Litazame tena tukio hilo kwa ajili ya Cyril Cusack, anayemwigiza Control. Cusack alikuwa mwigizaji wa Ireland aliyezaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1910, na katika filamu hii ana dakika chache tu, lakini kwangu mimi ni mtu wa tatu kwa ubora baada ya Burton na Werner. Anazungumza kama padri anayesikitika. Anasema, kwa upole kabisa, kwamba huwezi kuwa na ukatili pungufu kuliko wa adui zako eti kwa sababu tu sera ya serikali yako ni njema, na anayasema hayo akihangaika na mambo ya chai, kana kwamba chai ndiyo inayomkera zaidi. Hakuna tishio sautini. Ukishajua mwisho wa mkasa, unarudi kwenye tukio hilo na mwili unakusisimka, maana mtu huyo mpole tayari anajua ni nani atakayekufa.

Turudi kwa Burton, maana yeye ndiye mzigo wa swali lako. Alizaliwa Richard Jenkins mwaka 1925 katika kijiji cha Pontrhydyfen huko Wales, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, katika nyumba iliyosema Kiwelshi. Kiingereza kile cha kifalme kilichompa umaarufu alijifunza kama tunavyojifunza sisi, kwa bidii. Sauti yake ilikuwa mali ya taifa. Mwaka 1964, mwaka mmoja tu kabla ya filamu hii kutoka, alikuwa Broadway akiigiza Hamlet chini ya uongozi wa John Gielgud, na kabla yake ulimwengu ulikuwa umemwona katika Cleopatra amevaa vazi la Kirumi. Mtu wa namna hiyo akikabidhiwa mhusika mlevi mwenye uchungu, hatari kubwa ni kwamba ataimba. Atalifanya kila neno kuwa shairi.

Hapa hakuimba. Ameifunga sauti yake kifuani na kuitoa kwa vipande, mara nyingi akiwa amekaza meno, na mabega ameyaacha yakashuka kama ya mtu aliyebeba koti la mwenzake. Hakuwa ametimiza miaka 40 wakati wa kupiga picha, lakini unamwona mtu aliyepita 50. Uso wake, ambao ulikuwa na makovu ya chunusi yaliyofichwa kwa vipodozi katika filamu nyingine, hapa umeachwa jinsi ulivyo na mwanga unaupiga kutoka pembeni. Sifa ninayompa ni kwamba aliacha kipaji chake kikubwa kuliko vyote mlangoni, akaingia bila hicho. Wewe umekiona kitendo hicho na kukiita kutotaka kuwapo. Nakuelewa. Ila nakuomba umlinganishe na tukio la garini, karibu na mwisho, anapomfokea Nan, yule dada wa maktaba, kuhusu majasusi ni watu gani hasa: si wanafalsafa wanaopima kila jambo kwa maandiko ya Mungu au ya Marx, bali ni watu wadogo, wachafu, walevi, makarani wanaocheza michezo ya watoto ili kuyachangamsha maisha yao. Hapo kwa mara ya kwanza sauti inaachiwa. Inatoka yote, na inatisha kwa sababu kwa zaidi ya saa moja na nusu imekuwa imefungiwa. Mtu aliyechoka na kazi yake asingeweza kuweka akiba ya namna hiyo.

Na kuna kitu bora kuliko hilo gari. Ni uso wake pale barazani. Nan ameletwa kutoka London bila kujua ameletewa nini, anaulizwa maswali, anajibu kwa ukweli wake wote, na kila jibu la kweli linauvunja uongo wa Leamas. Kwanza Burton anamkasirikia, na hapo unaona hasira ya fundi ambaye kazi yake inaharibiwa. Kisha, bila neno, hasira inasimama. Macho yake hayaendi popote. Anaelewa kwamba mpango haujaharibika, kwamba unakwenda sawasawa kama ulivyokusudiwa, na kwamba yeye ndiye asiyeambiwa. Kamera inamkalia tu. Angeweza kufumba macho, kutikisa kichwa, kucheka; hata mwigizaji hodari angejisaidia kwa kimojawapo. Yeye anakubali kutofanya chochote, na sisi tunauona ufahamu ukimshukia kama maji yanayopanda kisimani. Mtu akiniuliza kutofanya lolote katika uigizaji ni nini, hapo ndipo ninapompeleka.

Oskar Werner ni habari nyingine, na sikushangai kumpenda. Fiedler, mhusika wake, ndiye mtu pekee katika filamu nzima anayeamini kitu kwa moyo wake wote. Ni Myahudi katika nchi ambamo mkubwa wake, Mundt, aliwahi kuwa Mnazi na bado anambagua kwa Uyahudi wake. Ni mkomunisti anayetaka kujua kwa nini watu wa Magharibi wanafanya wanayoyafanya, na anapomuuliza Leamas falsafa yao ni ipi anauliza kwa njaa ya kweli ya kujua. Werner anampa mwendo mwepesi, sauti laini yenye lafudhi ya Vienna alikozaliwa mwaka 1922, na kitu adimu sana kwa mpelelezi wa kwenye filamu, yaani furaha ya kufikiri. Akipata jawabu, uso unamng'aa. Kila akiwa pamoja na Burton, mmoja anawaka na mwingine amezimika, na ndipo unapoelewa kwa nini Leamas, pasipo kukusudia, anaanza kumpenda mtu huyu ambaye yeye ametumwa kumtumia. Bila uzito wa Burton, wepesi wa Werner ungeonekana ni madoido.

Huenda kuna jambo la maisha ndani yake. Werner mwenyewe aliichukia vita ya Hitler, akalitoroka jeshi la Ujerumani akiwa kijana na kujificha hadi vita vilipokwisha. Alipomwigiza mtu anayesimama mbele ya Mnazi wa zamani, hakuhitaji kusimuliwa. Kwa kazi hii alipewa tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji msaidizi. Na katika Oscar za filamu za 1965 yeye na Burton walishindania tuzo ileile ya mwigizaji bora wa kiume, Burton kwa filamu hii na Werner kwa Ship of Fools, na wote wawili wakamwona Lee Marvin akiichukua kwa Cat Ballou. Burton aliteuliwa mara 7 katika maisha yake na hakuipata hata mara moja. Uingereza ilimtendea haki zaidi, maana tuzo za BAFTA zilimpa ile ya mwigizaji bora wa Uingereza, kwa filamu hii pamoja na Who's Afraid of Virginia Woolf?, na filamu yenyewe ikatajwa filamu bora ya Uingereza ya mwaka wake. Simaanishi kwamba tuzo zinaamua ubishi wako na mjomba. Zinaonyesha tu kwamba sifa hizi hazikuzaliwa na uzee wa watazamaji. Zilikuwepo tangu filamu ikiwa mpya.

Peter van Eyck, anayemwigiza Mundt, anafanya kazi ndogo kwa unadhifu. Alizaliwa Ujerumani, akahamia Marekani kabla ya vita na kulitumikia jeshi la Marekani, kisha akatumia sehemu kubwa ya maisha yake ya filamu akiigiza Wajerumani wa aina ile aliyoikimbia. Hapa ni barafu tupu. Kuna watakaosema ni barafu kupita kiasi, lakini mkasa unahitaji tumchukie mtu ambaye baadaye tutagundua ni wa kwetu, na chuki hiyo lazima isiwe na mashaka.

Sasa dada wa maktaba. Claire Bloom ni mwigizaji mzuri sana, na kati yake na Burton kulikuwa na mazoea ya kazi ya muda mrefu: alikuwa Ofelia wake katika Hamlet ya ukumbi wa Old Vic, 1953, na waliigiza tena pamoja katika filamu ya Look Back in Anger, 1959. Kwa hiyo tatizo si uwezo. Tatizo ni kwamba mswada haukumpa Nan Perry, kama anavyoitwa hapa, nafasi ya kutosha. Katika riwaya tunaingia akilini mwa msichana huyo, tunakaa naye katika mikutano midogo ya tawi lake la chama, tunauona upweke wake na ile haja yake ya kuamini kitu kikubwa kuliko chumba alichopanga. Filamu imeyakata mengi ya hayo. Imebaki na binti mwema, mkomunisti kwa sababu ana moyo mzuri, anayempenda mlevi wa meza ya pili kwa haraka ambayo haijajengwa. Bloom pia ana heshima fulani ya kiasili, namna ya kushika kichwa, ambayo inaleta shaka kwamba mwanamke huyu angekosa wa kumwalika chakula cha jioni mjini London. Hapo umeona sawa, na ningemwambia mjomba wako hivyo mbele yako.

Ila nakukatalia ile "hata kidogo". Mbele ya baraza Bloom ni mzuri mno. Tazama anavyotafuta usoni mwa Leamas dalili ya kumwambia ajibu nini, anavyokosa, na anavyochagua kusema kweli kwa sababu hajui kufanya vingine. Wote waliokaa katika chumba kile ni hodari wa kudanganya isipokuwa yeye, na Bloom analifanya hilo lisikike bila kumfanya Nan kuwa mjinga.

Wale wengine nitawapitia haraka. Michael Hordern, kama Ashe anayemnyemelea Leamas baada ya jela, anatuonyesha fedheha ya mtu mdogo anayetukanwa na wakubwa wake, na mimi huwa namhurumia kila mara. Robert Hardy, anayemtukana, ana ukali wa aina moja tu. Rupert Davies kama George Smiley, ofisa mwenzake Control, hapewi nafasi kubwa. Alikuwa kipenzi cha televisheni ya Uingereza kwa kumwigiza mpelelezi Maigret, na watazamaji walioingia wakitarajia wema wa Maigret walipata mtu anayesimama pembeni na kushiriki ukatili kimyakimya. Sam Wanamaker, anayemhoji Leamas huko Uholanzi, ni Mmarekani aliyewekwa kwenye orodha ya watu walionyimwa kazi kwa tuhuma za ukomunisti, akabaki Uingereza, na baadaye ndiye aliyehangaika hadi ukumbi wa Globe wa Shakespeare ukajengwa upya London. Mwongozaji mwenyewe, Martin Ritt, naye alikuwa amefungiwa kazi za televisheni huko Marekani katika miaka ya 1950 kwa tuhuma za namna hiyohiyo. Nalitaja hili kwa sababu linaonekana katika uigizaji: watu hawa walijua chumba cha mahojiano kinavyokuwa, na hakuna anayepaza sauti humo bila sababu.

Kuhusu mwendo wa polepole, una hoja katika sehemu moja. Mahojiano ya Uholanzi na ya siku za kwanza Ujerumani Mashariki yamejaa majina, akaunti za benki na tarehe, na mtazamaji anayelisikia jambo mara moja tu hawezi kuyabeba yote. Riwaya inakuruhusu kurudi ukurasa nyuma. Filamu haikuruhusu, au angalau haikuwaruhusu watu wa 1965 waliokaa ukumbini. Ritt angeweza kutusaidia zaidi. Pia yale maelezo ya garini, jinsi mtego ulivyotegwa, yanatolewa kwa haraka mno kwa mtu aliyepitwa na jambo moja huko nyuma.

Lakini polepole ya mwanzo usiiguse. Kituo cha ukaguzi usiku, taa kali, lami iliyolowa, mtu anayesubiri na kukataa kwenda kulala, baiskeli inayotokea gizani. Mpiga picha mkuu, Oswald Morris, alipiga kwa nyeusi na nyeupe wakati rangi zilikuwa zimeshatawala, na rangi anayoitumia zaidi ni kijivu: kijivu cha ukuta, cha moshi, cha ndevu ambazo hazijanyolewa kwa siku mbili. Berlin ile, kwa taarifa yako, ni Dublin. Ukuta na kituo vilijengwa katika eneo la Smithfield mjini humo, na kazi kubwa ilifanywa katika studio za Ardmore huko Ireland. Msanifu wake Tambi Larsen na wenzake waliteuliwa kwa Oscar kwa ajili hiyo. Ukuta huo wa kuigiza ndio unaoubeba mwisho wa filamu, na mwisho huo ndio ninaotaka mtazame tena wewe na mjomba, mkiwa mmezima sauti.

Leamas na Nan wamepewa nafasi fupi ya kupanda. Yeye anatangulia, anamvuta binti kwa mkono, taa zinawaka, risasi inalia, na mkono alioushika unamponyoka. Sasa yuko juu, peke yake, nusu ya mwili Mashariki na nusu Magharibi. Chini upande mmoja wenzake wanamhimiza aruke. Upande mwingine kuna mwili wa Nan. Usitazame uso wake peke yake. Tazama mabega yale niliyokuambia, yaliyoshuka tangu tukio la kwanza. Burton anageuka, bila haraka, na kuanza kushuka upande alikotoka.

Huo ndio uamuzi wa kwanza ambao Leamas ameufanya bila kutumwa na mtu. Mkishauona, mwulize mjomba wako yeye aliona mabega yakifanya nini, kisha mwambie uliyoyaona wewe.